Kujenga sauna ya umeme nyumbani: chumba, jiko, hewa na mawe

Jiko la sauna unaliagiza, linafika, na fundi umeme analifunga kwa nusu siku. Kazi yenyewe ni chumba. Sauna nyingi zinazolalamikiwa kwamba hazishiki moto zina jiko zima kabisa. Ukizifumua unakuta ukuta mmoja uliachwa wazi, karatasi ya alumini imetobolewa, tundu la hewa limesahaulika, au benchi limewekwa chini mno. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa Kifini, ambao ndio majiko mengi ya sokoni yameundwa kwa ajili yake, na unamlenga mtu anayejenga Njombe, Lushoto, Limuru au Eldoret, ambako baridi ya jioni inaifanya gharama hii ieleweke. Anayejenga Dar es Salaam au Mombasa atatumia vipimo vilevile.

Sauna si chumba cha mvuke

Mafundi wengi huvichanganya hivi viwili, na kosa hilo halirekebishiki bila kubomoa. Chumba cha mvuke kina joto la nyuzi 45 hivi, unyevu umejaa tele, kuta ni za vigae na mashine ya kuchemsha maji iko nje. Sauna ni kavu: nyuzi 70 hadi 90, kuta za mbao, na mvuke huja pale tu unapomwagia mawe maji kidogo, kisha ukapotea baada ya dakika moja au mbili. Ukiweka jiko la sauna kwenye chumba cha vigae, vigae vinanyonya moto na jiko linawaka saa nzima bila kufika popote. Ukiingiza mashine ya mvuke kwenye chumba cha mbao, mbao zitaota ukungu na kuoza. Amua moja.

Hesabu ya chumba, jiko na umeme

Hesabu hizi tatu hufanywa pamoja, karatasini, kabla ya kununua hata msumari.

Tuchukue chumba cha watu watatu hadi wanne chenye vipimo vya ndani vya mita 2.0 kwa 1.8, na kimo cha mita 2.3. Ujazo ni mita za ujazo 8.3. Sasa ongeza adhabu ya sehemu zisizo na sufi ya kuzuia joto: kila mita ya mraba ya kioo, kigae, tofali au zege inayoonekana ndani huhesabiwa kama mita 1.2 za ujazo za ziada. Mlango wa kioo wa sentimita 70 kwa 190 una mita za mraba 1.33, kwa hiyo unaongeza 1.6. Jumla inakuwa karibu 9.9. Kwa makadirio ya kilowati moja, au pungufu kidogo, kwa kila mita ya ujazo, unahitaji jiko la kilowati 9, ambalo kwa kawaida limepangiwa vyumba vya mita za ujazo 8 hadi 14.

Mteja anayependa muonekano wa mawe akisema ukuta wa nyuma ubaki wazi, mpe hesabu hii. Ukuta wa mita 2.0 kwa 2.3 ni mita za mraba 4.6, zinazoongeza 5.5. Jumla inaruka hadi 15.4, na jiko la kilowati 9 halitoshi tena. Pambo hilo atalilipia kila anapowasha.

Upande wa umeme:

- Jiko la kilowati 9 kwenye umeme wa njia tatu wa volti 400 huvuta ampea 13 kwa kila njia. Sakiti breka ya ampea 16 na kebo ya nyaya tano za milimita za mraba 2.5 zinatosha kwa umbali wa kawaida. Kutoka kwenye meni hadi sauna ikizidi mita 30, panda hadi milimita 4.
- Jiko la kilowati 6 kwenye njia moja ya volti 230 huvuta ampea 26. Hapo ni breka ya ampea 32 na kebo ya nyaya tatu za milimita za mraba 6.

Nyumba nyingi zina njia moja tu. Kama huna mpango wa kuomba njia tatu TANESCO au Kenya Power, usilazimishe jiko kubwa, punguza chumba. Mita 1.6 kwa 1.5 kwa 2.3 ni ujazo wa 5.5, na ukiongeza mlango wa kioo unafika 7.1. Hapo kilowati 6 zinatosha. Punguza urefu na upana, kimo kiache palepale, kwa sababu utakayoiona kwenye mabenchi.

Angalia pia kitu kingine kinachowaka wakati huohuo. Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo hula kilowati 5 hadi 7. Shawa na sauna zikiwa pamoja kwenye njia moja, unavuta karibu ampea 50 kabla hujawasha pasi wala birika, na meni itakatika watu wakiwa na sabuni machoni.

Kuna na jambo la volti. Nguvu ya jiko hushuka kwa mraba wa volti. Kama mtaani kwako jioni umeme hushuka hadi volti 200, jiko la kilowati 9 linatoa takriban 6.8 tu. Pima volti saa mbili usiku, siyo saa nne asubuhi, kisha uchague jiko.

Jenereta dogo au sola ya kawaida ya nyumbani yenye betri haiwezi kubeba mzigo huu. Na kama fikra imekujia ya kuweka jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa, iache hapohapo. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Anayetaka moto wa kuni atumie jiko la sauna lenye dohani kamili inayotoka juu ya paa, na hiyo ni kazi nyingine yenye masharti yake ya umbali kutoka kwenye mbao.

Vifaa kwa chumba cha 2.0 × 1.8 × 2.3

Kuta, baada ya kutoa mlango, ni mita za mraba 16.2, dari ni 3.6. Kwa hiyo:

- sufi ya mwamba ya milimita 50 kwa kuta, mita za mraba 17. Ya milimita 100 kwa dari, mita za mraba 4. Ukuta unaopakana na nje kwenye baridi kali, uwekee ya 100 pia;
- karatasi nzito yenye tabaka la alumini, mita za mraba 23;
- tepu ya alumini ya mita 50, roli mbili;
- mbao za fremu za inchi 2 kwa 2 au 2 kwa 4 kulingana na unene wa sufi, na papi za inchi 1 kwa 2;
- mbao za ukutani za kuchomekana, zile zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, unene wa milimita 12 hadi 15, mita za mraba 23 ukijumlisha zitakazopotea kwenye kukata;
- mbao za benchi za milimita 28 kwa 90, jumla ya mita 30;
- skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Mambo mawili ambayo muuza vifaa atakushawishi uchukue badala yake: mapovu meupe ya polistirini, na ile karatasi inayong'aa yenye viputo vya plastiki wanayoweka chini ya mabati. Vyote viwili vinafaa kwa dari ya nyumba na havifai hapa. Juu ya jiko, karibu na dari, hewa hupita nyuzi 100. Polistirini hulegea na kusinyaa, na viputo huyeyuka. Hutaviona vikiharibika kwa sababu viko nyuma ya mbao, ila utashangaa kwa nini kila mwezi sauna inachelewa zaidi kupata moto.

Sakafu

Zege na vigae visivyoteleza, basi. Sakafu haihitaji sufi nyingi kwa kuwa joto linakaa juu. Ipe mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, na tundu hilo lisiwe chini ya jiko. Kama sauna haina shawa ndani, maji yanayokaa kwenye mpindo wa bomba chini ya tundu hukauka na harufu ya bomba hupanda. Mwagia kikombe cha maji kila unapomaliza. Chagua saruji ya viungo yenye rangi nyeusi au kijivu, maana vumbi la mawe hudondoka na kutia madoa kwenye viungo vyeupe.

Ukijenga kibanda nje ya nyumba, maliza suala la mchwa chini kabla ya zege: dawa kwenye udongo, kisha msingi uinuke walau sentimita 20 juu ya ardhi, na ubao wa chini wa fremu ukae juu ya nailoni ya kuzuia unyevu. Mbao za kijani zilizotiwa dawa zinaruhusiwa kwenye fremu ya nje tu. Dawa hiyo ina shaba, kromu na aseniki. Ndani ya sauna, ambako watu wanakaa ngozi tupu na kuvuta hewa ya moto, haiingii.

Fremu, sufi na karatasi ya alumini

Hii ndiyo sehemu ya kusimamia mwenyewe, bila kumwachia fundi peke yake, kwa sababu ikishafunikwa hakuna atakayeiona tena.

1. Simamisha fremu ukiacha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati yake na ukuta wa tofali, ili ukuta upumue. Umbali kati ya nguzo na nguzo ufuate upana wa sufi ukitoa sentimita 1, ili sufi ijibane bila kushindiliwa. Sufi iliyoshindiliwa hupoteza uwezo wake.

2. Kabla ya kufunga chochote, kaza mbao imara mahali ambapo jiko litatundikwa na mahali ambapo mabenchi yataegemea. Piga picha kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia ndani ya picha. Bila picha hizo utakuja kutoboa karatasi mara saba ukitafuta mbao.

3. Dari ya sauna iwe dari yake yenyewe, chini ya dari ya nyumba, na nafasi ya sentimita 10 au zaidi inayopitisha hewa katikati. Usiipachike moja kwa moja kwenye kenchi za paa.

4. Jaza sufi. Vaa barakoa na glavu.

5. Funika kila kitu kwa karatasi ya alumini, upande unaong'aa ukitazama ndani ya sauna. Anza na dari, ishushe sentimita 15 kwenye kuta, kisha kuta zipandie hapo. Kila kiungo kipandane sentimita 10 na kipigwe tepu ya alumini. Tepu ya nailoni ya kahawia itabanduka siku ya kwanza. Kila pini na kila waya uliopita, uzungushie tepu. Kazi ya karatasi hii ni kuzuia mvuke usiingie kwenye sufi. Sufi iliyolowa haizuii joto, na nyuma yake fremu inaoza kimyakimya kwa miaka miwili mitatu kabla ya harufu kukuambia.

6. Juu ya karatasi, piga papi ili kati ya alumini na mbao za ukutani pawe na uwazi wa sentimita 2 hadi 2.5. Uwazi huu ndio unaokausha mgongo wa mbao, na bila huo alumini hairudishi joto la mionzi: ikigusana na mbao inakuwa karatasi tu. Mbao zako zikilala mlalo, papi zisimame wima na hewa ipande moja kwa moja. Zikisimama wima, papi zitalala, kwa hiyo zikate vipande uache mapengo ya sentimita 3 hewa ipite.

Hewa

Watu huogopa kutoboa sauna wakidhani joto litatoroka. Bila hewa mpya utaumwa kichwa, na joto litakaa darini huku miguu ikipoa. Chumba kinatakiwa kibadilishe hewa takriban mara sita kwa saa. Kwa ujazo wa 8.3 hiyo ni mita za ujazo 50 kwa saa.

Kwa jiko la umeme na feni ya kuvuta, tundu la kuingiza liwe juu ya jiko, walau nusu mita kutoka kwenye mawe, ili hewa baridi ichanganyike na joto linalopanda. Tundu la kutoa liwe upande wa mbali na jiko, chini ya benchi, karibu na sakafu, na bomba lake lipande hadi juu ya paa. Kama huna feni, hamisha la kuingiza likae chini, karibu na jiko. Bomba la kuingiza liwe na kipenyo cha milimita 50 hadi 100, na la kutoa liwe pana mara mbili yake.

Ongeza tundu la tatu karibu na dari lenye kifuniko. Hili hufungwa wakati wa kuoga na kufunguliwa baada ya hapo ili kukausha chumba. Mabomba yawe ya bati. PVC hulegea kwenye nyuzi 80.

Mbao

Sifa tatu zinatakiwa: nyepesi, isiyo na utomvu, isiyo na vifundo vingi. Ubao mzito hubeba joto na kuunguza ngozi, ndiyo maana mninga na mvule, pamoja na heshima zake zote kwenye fanicha, havifai kwa benchi. Paini ya Sao Hill inakubalika ukutani ukichagua mbao safi, lakini siyo kwenye benchi wala mgongo: vifundo huchemka na utomvu hudondoka. Saiprasi iliyokauka vizuri ni chaguo zuri la ukutani na inapatikana kwa urahisi Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kwa benchi, anayemudu aagize abachi, mti wa Afrika Magharibi unaouzwa sana na wauzaji wa sauna wa Ulaya: mwepesi mno, hauna vifundo, na haushiki joto.

Ukavu ndio unaowashinda wengi. Ubao wa kiwandani uliopasuliwa juzi una maji mengi. Ukiufunga hivyo, joto la wiki moja litaukausha, utasinyaa, na ulimi utatoka kwenye mfereji ukaona alumini ikichungulia. Tafuta mbao zilizokaushwa kwa tanuri hadi unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ukikosa, zipange kivulini zikiwa na vijiti katikati kwa miezi kadhaa, na upime kwa kipima unyevu cha mkono kabla ya kurandia.

Funga dari kwanza, kisha kuta ukianzia chini, ulimi ukielekea juu ili maji yasituame kwenye mfereji. Acha sentimita 1 kwenye kona za dari na sentimita 3 hadi 5 juu ya sakafu. Msumari upite kwenye ulimi, kwa pembe, ufunikwe na ubao unaofuata. Kichwa cha msumari kinachoonekana kitaacha alama ya duara mgongoni mwa mgeni wako. Usipake vanishi wala rangi. Benchi unaweza kulipaka mafuta ya parafini yaliyotengenezwa kwa ajili ya sauna, ukuta uache kama ulivyo.

Mabenchi

Kanuni ya Kifini ni moja na inatosha: miguu ya mtu aliyeketi iwe juu ya usawa wa mawe, au sawa nao. Joto lililo chini ya mawe ni hafifu. Sauna zenye benchi moja la sentimita 45 kama kibao cha barazani humfanya mtu achemke kichwa huku nyayo zikiwa za baridi, kisha lawama zinaangukia jiko.

Kwa dari ya mita 2.3: benchi la juu liwe mita 1.2 kutoka sakafuni, yaani mita 1.1 chini ya dari. La kuwekea miguu liwe sentimita 78 hadi 80. Ngazi ya kupandia sentimita 40. Majiko mengi ya ukutani yakishafungwa, mawe yake hufika sentimita 75 hivi, kwa hiyo miguu inapona. Pima jiko lako kabla ya kukata mbao. Hii ndiyo sababu ya kutopunguza kimo cha chumba.

Benchi la juu liwe na kina cha sentimita 60. Anayependa kulala alipatie urefu wa mita 2. La miguu sentimita 40. Mbao za milimita 28 ziachane milimita 10, na chini yake pawe na mhimili kila baada ya sentimita 50. Skrubu zote zitoke chini kwenda juu. Chuma kilichokaa nyuzi 80 kinaunguza, na ukiwa uchi huchagui pa kugusa. Mbele ya benchi la juu paache wazi, pasizibwe, ili hewa ipite. Mabenchi yaweze kunyanyuliwa kwa ajili ya kusafisha chini.

Mlango

Ufunguke kwenda nje, bila komeo wala kufuli ya aina yoyote. Sumaku au gololi ya kubana inatosha, ili mtu aliyelegea aweze kuuegemea ukafunguka. Kioo kiwe kile kilichoimarishwa kwa moto, milimita 8. Mshikio wa ndani uwe wa mbao. Kama hewa inatolewa kupitia chumba cha kuogea, acha uwazi wa sentimita 10 chini ya mlango.

Kufunga jiko

Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni: Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Wewe hakikisha mambo haya.

Umbali. Kila jiko lina jedwali la umbali kutoka kwenye mbao za pembeni, mbele na juu, pamoja na kimo cha chini cha chumba. Namba hizo hazijadiliwi. Zikisema sentimita 10 pembeni, siyo 8. Zungushia jiko kizuizi cha mbao kwa umbali huohuo, ili anayeteleza asiliegemee.

Waya. Kutoka kwenye meni hadi boksi la kuungia unaweza kutumia kebo ya kawaida ikipita nje ya sufi. Kutoka boksini hadi kwenye jiko ni kebo ya mpira ya aina ya H07RN-F. Kebo ya PVC hugeuka ngumu na kupasuka kwa joto. Boksi likae chini, ndani ya nusu mita kutoka sakafuni. Waya na taa zilizo zaidi ya mita 1 kutoka sakafuni ndani ya sauna ni kundi jingine: vifaa vivumilie nyuzi 125, na ganda la waya nyuzi 170. Rahisi zaidi ni kuweka taa chini ya benchi. Soketi ndani ya sauna haziruhusiwi, hata moja.

Ithi. Bila waya wa ithi unaofanya kazi, usiwashe. Taa na vifaa vingine vipite kwenye RCD, yaani kinga inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Kwa jiko lenyewe fuata maelekezo ya mtengenezaji: koili mpya hunyonya unyevu zikiwa stoo na zinaweza kukatisha RCD mara za mwanzo, kisha zikikauka tatizo linakwisha. Fundi asiyelijua hili hulirudisha jiko dukani.

Kihisi cha joto. Kwa jiko la ukutani, mara nyingi hukaa ukutani juu ya jiko, sentimita 10 chini ya dari. Kiwe mbali na tundu la kuingiza hewa, mita moja ikiwezekana. Upepo baridi ukikipuliza, kitaliambia jiko liendelee kuwaka wakati juu tayari ni moto wa hatari.

Mawe

Jiko la kilowati 9 hubeba kilo 20 hadi 25. Nunua mawe ya sauna, ya olivini au peridotiti, yenye kipenyo cha sentimita 5 hadi 10. Tamaa ya kuokota ya bure ni kubwa, ila mawe ya mtoni yanaweza kuwa na maji ndani na kupasuka kwa kishindo, chokaa na matumbawe ya pwani hugeuka unga, na mawe ya volkano yenye matundu, mepesi, hayashiki joto. Mtengenezaji akikuta mawe yasiyo sahihi, dhamana imekufa.

Yaoshe vumbi kwanza. Makubwa chini, madogo juu, yakiwa yamelegea. Usiyabane kati ya koili kwa nguvu; koili hutanuka zikipata moto na zikizuiwa hupinda. Hewa ikikosa njia kati ya mawe, koili huungua. Koili zisionekane kabisa juu wala pembeni, wala usirundike mlima juu ya ukingo.

Moto wa kwanza na baada ya hapo

Washa hadi mwisho kwa saa moja, mlango wazi na matundu yote wazi, bila mtu ndani. Harufu ya mafuta ya kiwandani na moshi mwepesi ni kawaida. Rudia mara ya pili siku inayofuata.

Siku za kawaida, chumba kilichojengwa vizuri hufika nyuzi 80 kwa dakika 40 hadi 70. Pima usawa wa kichwa cha aliyekaa benchi la juu. Maji yamwagwe kwa kata ndogo, yasizidi mililita 200 kwa mara moja. Ndoo nzima hushuka ikichemka hadi miguuni mwa watu. Tumia maji ya bomba. Maji ya bahari hula koili, na ya kisima chenye chumvi au chuma hujenga magamba juu ya mawe.

Saa moja ya kupasha na saa moja ya kuoga, jiko la kilowati 9 hula uniti 13 hadi 14, kwa kuwa likishafika joto huwaka na kuzima. Zidisha kwa bei yako ya Luku au tokeni.

Kamwe usianike taulo juu ya jiko au kwenye kizuizi chake. Jiko lenye saa ya kujiwasha ni hatari maradufu: mtu ameanika asubuhi, jiko likawaka jioni. Chungulia ndani kila mara kabla ya kuwasha. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia au ujauzito aulize daktari wake kwanza, na mtu aliyelewa asiingie.

Ikisumbua

Inachelewa kupata moto: pima volti jiko likiwa linawaka. Zikiwa sawa, kata umeme, mwachie fundi apime kila koili; katika jiko la koili tatu moja ikifa, chumba bado hupata joto lakini hakifiki 80. Mwisho tazama mawe yaliyoporomoka na kuziba hewa.

Jiko halionyeshi uhai: kinga ya joto kupita kiasi imeruka. Kwenye majiko mengi hurudishwa kwa kubonyeza kitufe kidogo, lakini tafuta kwanza kilichoirusha, ambacho mara nyingi ni mawe yaliyoshindiliwa au kihisi kilichofungwa mahali pasipo pake.

Joto kali kichwani, baridi miguuni: hewa haitoki chini. Shika karatasi nyepesi mbele ya tundu la kutoa. Isiponyonywa, bomba limeziba au feni imekufa.

Harufu ya uvundo siku mbili baada ya kuoga: chumba hakikaushwi. Acha jiko liwake nusu saa baada ya mtu wa mwisho kutoka, fungua tundu la juu, nyanyua mabenchi. Harufu ikibaki, fungua ubao mmoja wa chini karibu na kona na uguse sufi. Ikiwa imelowa, karatasi imetoboka hapo.

Mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi kwa anayewasha kila siku, toa mawe yote, tupa yaliyomeguka, fagia unga chini ya jiko, panga upya. Benchi lioshwe kwa brashi na maji ya sabuni laini, na doa la jasho lisilotoka lipigwe msasa namba 120 kwa kufuata nyuzi za mbao.